Chombo Kife, Maswali Yabaki

Miyuji, Jumapili alasiri

Loyce mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusuka Majengo, na kwa wingi wa rasta ulizobeba kwenye mfuko, najua hatukuoni mpaka giza liingie. Nimepata nafasi. Mama yako yuko uani anakufungia mlenda mkavu na karanga, anaongea peke yake, anakukumbusha vitu na wewe hupo. Mambo ya chandarua, ya kutompa simu mtu usiyemjua ndani ya basi, ya kumtafuta mchungaji ukifika Mwanza kuanza kazi, yote ameshakuambia, na kesho alfajiri atakuambia tena kupitia dirishani gari likiwa linaunguruma. Mimi siyarudii. Nina jambo moja tu, nalo ni lile la asubuhi, uliponitazama juu ya kikombe cha chai ukaniuliza, "Baba, umeshaikagua?" Nikakujibu, "Bado." Ukanyanyuka na uso umekunjamana, hata chapati hukuimaliza.

Najua ulichofikiri. Ulifikiri mzee ameanza tena. Kesho saa sita mchana mlango unafungwa, kazi yako iko mikononi mwangu, na mimi nakunywa chai kama niko harusini. Nitakujibu, ila kwa njia yangu ndefu. Umeshanizoea.

Mama yako ameapa hataisoma barua hii. Ataisoma. Kwa hiyo nitaanza kwa kumweleza yeye kazi yetu, maana miaka yote hii anaamini mimi na wewe tunacheza karata kwenye kompyuta.

Mama Loyce, ni hivi. Kuna mfumo wa kompyuta unaitwa Linux, hauuzwi dukani, unatengenezwa na watu wengi kila mmoja alipo. Programu zake zinaandikwa na huyu na yule. Sisi ni watu wa katikati. Tunaichukua programu kwa aliyeiandika, tunaisafisha, tunaifunga kwenye kifurushi kinachoelewana na vifurushi vingine, kisha tunakipeleka kwenye ghala moja ambalo kompyuta zote za mfumo wetu zinachota humo. Umeona pale sokoni Kibaigwa mnunuzi anavyochoma gunia la mahindi kwa bambo, anatoa punje kidogo aone ndani kuna nini? Na sisi tuna bambo letu. Ni majaribio, yaani maswali ambayo kompyuta inaiuliza programu kabla kifurushi hakijafungwa. Programu ikikosea jibu, kifurushi hakitoki. Sasa, ili maswali hayo yaulizwe kunatakiwa chombo cha kuyauliza, nacho ni programu nyingine ndogo iliyoandikwa na mtu mwingine. Ugomvi wangu na binti yako umetokea hapo kwenye chombo. Basi, endelea kufunga mlenda.

Turudi kwako, Loyce.

Ulikuwa bado shule ya msingi wakati mimi na mjomba wako Yohana tulipoandika programu ya zamu za maji. Mjomba wako alikuwa ameshachaguliwa katibu wa wakulima wa mfereji kule Kibakwe, na alikuwa amechoka kusuluhisha. Maji yanashuka mlimani, mashamba ni mengi, mfereji ni mmoja, kila mtu ana saa zake za kufungulia maji, mchana na usiku. Programu ikawa inapanga zamu na kumtumia kila mkulima ujumbe kwenye simu. Kazi ngumu haikuwa kupanga. Kazi ngumu ilikuwa usiku. Watu wetu giza likiingia Jumanne, huo tayari ni usiku wa kuamkia Jumatano, na kwenye kikao cha mfereji walishakubaliana kwamba zamu ya usiku inaandikwa kwa siku inayokucha. Ukiambiwa una zamu ya saa tatu usiku, kuamkia Jumatano, unachukua jembe lako Jumanne baada ya kula. Hakuna mtu wa Kibakwe anayehitaji kuelezwa hilo. Kompyuta ndiyo inahitaji, kwa sababu yenyewe inaamini siku inageuka saa sita usiku. Tukaifundisha, na ili isije ikasahau, tukaiandikia maswali mengi ya zamu za usiku peke yake.

Programu ikakubaliwa kwenye mfumo, nikawa mtunzaji wa kifurushi, jina langu likakaa pale dunia nzima iweze kuliona. Jamani, nilijiona! Muulize mama yako nilivyokuwa natembea wiki ile. Nilikuwa fundi kompyuta wa shule, mtu wa kuitwa kubadilisha wino wa printa, halafu ghafla mtu wa nchi nisiyoijua ananiandikia barua pepe kuniuliza mifereji yetu inakwendaje.

Kisha yule aliyeandika chombo cha majaribio akanyamaza. Hakuaga. Tulikuwa tunamwandikia, hajibu. Lugha tuliyoandikia programu ikatoa toleo jipya, chombo chake kikagoma kufanya kazi nalo, naye kimya. Unazikumbuka barua zangu kwake, kwa sababu ulizisoma ukubwani zikakuaibisha. Nilimwandikia hadharani, mbele ya kila mtu, kama namwandikia kibarua wangu aliyekimbia na jembe. Nikamwuliza ana akili timamu kweli, watu wanamtegemea naye ameingia mitini? Mtu ambaye hajawahi kula hata sahani moja ya chakula changu! Alikuwa ametupa kazi yake bure, na mimi nikamdai na usingizi wake.

Aliponyamaza kabisa, nilifanya jambo jepesi. Mstari mmoja tu kwenye maelekezo ya kifurushi, unaiambia kompyuta: usiulize maswali, funga tu. Kifurushi kikafungwa, kikaenda. Nikasema ni kwa muda, nitarudi. Hivi unajua ni vitu vingapi hapa nyumbani nimevifunga kwa muda? Ule mlango wa choo cha nje una kamba mpaka leo.

Yaliyofuata unayajua, ulikuwa kidato cha nne na tulikwenda wote Kibakwe. Lakini ngoja niyaandike, kwa sababu huko Mwanza kuna siku utatamani kuandika mstari kama ule na mimi sitakuwa chumba cha pili. Maktaba ya tarehe, ile ambayo programu yetu inaitegemea kuhesabu siku, ilibadilishwa kidogo na wenyewe. Badiliko zuri tu, halina ubaya kwa watu wengine. Kwetu likahamisha zamu zote za kuanzia saa moja jioni mpaka kabla ya saa sita usiku, likazisogeza mbele siku nzima. Aliyetakiwa kwenda Jumanne akatumiwa ujumbe aende Jumatano. Maswali ya usiku yangepiga kelele hapo hapo, ila nilikuwa nimeyanyamazisha.

Mjomba wako akapiga simu asubuhi. Siku hiyo hakunisalimia hata Mbukwa, ile salamu yetu ya Kigogo.

"Shemeji, hii programu yenu imeamua kutugombanisha?"

"Kuna nini tena?"

"Mama Tabu na Mzee Lameki wamekutana kwenye lango la maji la mfereji, kila mmoja na jembe, kila mmoja anasema zamu ni yake. Majirani ndio wamewaachanisha."

Mzee Lameki alikuwa hajawahi kufungua ujumbe wetu hata mmoja. Alikwenda kwa kichwa chake, kama alivyozoea miaka yote, na alikuwa sahihi. Mama Tabu alikuwa mjane mgeni wa mfereji, amebaki na shamba la marehemu mumewe, zamu hazijui kwa kichwa, kwa hiyo yeye alifuata simu. Zamu yake halisi ikapita lango la maji limefungwa, na yeye yuko nyumbani anasubiri siku tuliyomwambia. Zamu iliyofuata ikapita hivyo hivyo, kabla ya ule ugomvi wa langoni. Vitunguu vilikuwa vinaanza kujaza. Tulipofika, nusu ya shamba majani yalishageuka njano, naye amesimama katikati, hakutupigia kelele. Alisema tu, "Mimi si mtu wa simu. Ninyi ndio mliosema nifuate simu."

Mwanangu, nimetukanwa na watu wenye kipaji cha kutukana, lakini lile neno ndilo lililoniingia. Wale waliotupuuza hawakuumia. Aliyeumia ni yule aliyetuamini.

Tuliporudi Miyuji ukaiwasha ile kompyuta ya zamani iliyokuwa bado na toleo la zamani la lugha, ukaiwekea maktaba mpya ya tarehe, ukayaendesha yale maswali. Programu ikaanguka kwenye swali la kwanza la usiku. Ukageuka ukaniambia, "Baba, swali lilikuwepo. Wewe ndiye uliyeliziba mdomo." Nikataka kukukaripia kwamba mtoto haongei hivyo na baba yake.

Sasa angalia mtu mzima anavyojifunza. Nilitoka kwenye kosa moja nikaingia la pili kwa mbio zile zile. Niliapa sitazima tena majaribio. Vizuri. Halafu, kwa sababu yule bwana hajibu, nikakichukua chombo chake nikaanza kukilea mwenyewe. Kila lugha ilipobadilika, nakiwekea kiraka. Kiraka kikichanika, nakiwekea kingine juu yake. Wenzetu wenye vifurushi vingine wakaona chombo bado kinapumua, wakaendelea kukitegemea, wengine wapya wakaanza. Nikawa mtu muhimu! Wananiandikia, "Tunashukuru, bila wewe tungekwama." Nani hapendi kuambiwa hivyo? Nilikuwa nakaa mbele ya kompyuta mpaka mama yako ananizimia taa, na nilijiona mwokozi, wakati kazi yenyewe ilikuwa kushikilia ukuta ambao watu wangeshahama nyuma yake zamani kama ningewaambia ukweli kwamba unaanguka.

Mwaka huu ukuta ukaanguka. Toleo jipya la lugha limekiondoa kile kitu chenyewe ambacho chombo kilisimama juu yake, na wasimamizi wa mfumo wakatangaza kwamba chombo kinatolewa ghalani. Kila kifurushi kitakachokuwa bado kinakitegemea ifikapo kesho saa sita mchana, kinatoka nacho. Maana yake kwetu haihitaji kuelezwa. Mjomba wako akiweka mfumo mpya kwenye kompyuta ya kikundi, programu ya zamu haitakuwemo, na msimu wa vitunguu ndio huu unaingia. Mashamba yameshagawanywa upya mara nyingi tangu wakati ule. Zamu hazijulikani tena kwa kichwa, hata Mzee Lameki siku hizi anavaa miwani anasoma ujumbe. Na Mama Tabu, baada ya yote yale, alirudi kufuata simu.

Unakumbuka tulivyogombana mezani? Mimi nikasema nitaweka kiraka kingine. Wewe ukasema, "Kiraka kwenye nini, Baba? Nguo yenyewe imeisha."

"Hiki chombo nimekilea mimi."

"Umekilea, hukukizaa. Na hakuna aliyekutuma."

"Loyce!"

"Nyie," akasema mama yako, "ugali unapoa."

Ndipo ukaniuliza kama ninalinda chombo au ninalinda maswali. Nilitoka nje nikajifanya naangalia mizabibu, na ile mizabibu ilikuwa imeshapogolewa, hakuna cha kuangalia. Nilikasirika kweli, sikufichi. Nilikasirika kwa sababu ulikuwa umesema kwa pumzi moja kitu nilichokikimbia miaka.

Ukaanza kazi bila kuniomba ruhusa. Jioni baada ya jioni, ukitoka kwenye kibarua chako mjini, unakaa unahamisha maswali moja moja kutoka kwenye chombo cha yule bwana kwenda kwenye chombo cha kawaida kinachokuja na lugha yenyewe. Hakina mapambo, lakini hakuna anayelazimika kukilea peke yake chumbani kwake. Mimi napita nyuma yako nakohoa. Wewe hugeuki. Halafu ile jioni ukaniita, "Baba, njoo uone."

Ulikuwa umefika kwenye maswali ya zamu za usiku. Kabla ya kuyahamisha, ulikosea makusudi. Uliichukua programu ukaiharibu hesabu ya usiku, ukaendesha maswali kwa chombo cha zamani, kile nilichokilea mimi, ili uone kama kitalalamika. Hakikulalamika. Kikaandika kwamba mambo yote sawa, rangi ya kijani. Ukaiharibu zaidi. Kijani. Ukachimba mpaka ukakuta kiraka changu cha mwaka juzi, ambacho kilikifanya chombo kiruke faili lote la maswali ya usiku kwa sababu hakikulitambua jina lake. Hakikuuliza swali hata moja, kwa hiyo hakikupata jibu baya hata moja, kwa hiyo kikatuambia tuko salama. Misimu miwili ya vitunguu, Loyce! Watu wa Kibakwe wamelala usingizi juu ya ule ukijani wangu, na ndani yake hamna kitu. Mungu tu ndiye aliyewalinda, mimi sikuwa nawalinda.

Ungeweza kunicheka. Mimi ningekucheka. Wewe ulisema tu, "Tulikuwa na bahati, Baba," ukageukia kompyuta ukaendelea kuandika. Nilikwenda kukaa chumbani. Mama yako akaniuliza kama naumwa, nikamwambia hapana, nina furaha, na akaniangalia kama mtu aliyechanganyikiwa. Lakini ndiyo ilikuwa hali yangu. Nilikuwa na aibu mpaka masikioni, na chini ya aibu kulikuwa na furaha, kwa sababu miaka yote hii nimekaa mbele ya chombo kile sikuwahi kuthubutu kukosea makusudi. Niliogopa kukijaribu kwa sababu nilikipenda. Wewe hukukipenda, ukakijaribu.

Hilo nataka uondoke nalo. Huko kazini Mwanza utakabidhiwa vitu vinavyowaka kijani. Usiviamini kwa sababu ya rangi. Kiharibu kitu kidogo, pembeni, mahali pasipoumiza mtu, uone kama kuna anayepiga kelele. Wenzako watakuona msumbufu. Waache wakuone.

Na utamkuta mtu kama mimi. Kila ofisi inaye. Kuna kitu kibovu amekishikilia miaka, viraka juu ya viraka, na anakisifia. Utamkasirikia. Usimkaripie mbele za watu kama nilivyomfanyia yule bwana, ila pia usimwachie akuburuze. Mfanyie ulivyonifanyia mimi. Mwonyeshe, nyamaza, endelea kuandika. Inauma sana, lakini mtu anapona.

Tena nikuambie habari ya yule bwana, kwa sababu umeniambia kwa kifupi mno, kama kawaida yako ukifanya jambo la maana. Miaka mimi namfokea, kimya. Wewe ukamwandikia mistari michache. Ukamsalimu, ukamshukuru kwa kazi aliyoifanya, ukamwuliza swali moja tu ambalo angeweza kulijibu kwa neno moja: je, tuwaambie watu kwamba chombo kimefika mwisho? Akajibu siku ile ile. Akasema ndiyo, tafadhali, na kwamba alikuwa anaona aibu kurudi kwa sababu ya barua zilizokuwa zinamsubiri. Akaweka tangazo juu ya ukurasa wake kwamba kazi imekwisha, watu wahame, na akataja wapi pa kuhamia. Baadhi ya zile barua zilizomfungia mlango zina jina langu chini. Nimemwandikia juzi kumwomba radhi. Hajajibu, na safari hii simdai.

Ninachokuomba wewe ni hiki. Siku utakayochoka na kitu, sema umechoka. Kiandike juu kabisa ambapo kila mtu ataona. Watakulaumu kidogo, watanung'unika, kisha watajipanga. Usiwaachie watu kimya wakitafsiri. Na ukichoka na Mwanza, sema pia. Nyumba ni hii, chumba chako mama yako amekataa nisikigeuze stoo ya kompyuta mbovu, ingawa nimejaribu kumshawishi mara kadhaa.

Haya. Umeshaikagua, Baba?

Nimeikagua. Asubuhi nilisema bado, na ilikuwa bado, kwa sababu jana niliifungua nikaanza kuisoma kwa jicho la kutafuta kosa, nikajishtukia, nikaifunga. Leo baada ya ibada nimeisoma yote, neno kwa neno. Nimekosea makusudi mahali unapopajua na mahali usipopajua, maswali yako yamepiga kelele kila mara. Nikaiharibu zamu ya Mama Tabu, ile ile ya saa tatu usiku, yakapiga kelele kuliko mara zote. Kuna sehemu moja kwenye mpangilio wa faili mimi ningeiandika vingine. Mkono ulifika mpaka kwenye kibodi. Si kosa, ni mazoea yangu tu, nimeiacha kama ulivyoiandika.

Lakini sikuituma. Hapo ndipo utakapotaka kunirarua, kwa hiyo soma polepole. Miaka yote hii kazi yako imekwenda ghalani kwa ruhusa yangu na sahihi yangu, kwa kuwa wewe hukuwa na ruhusa ya kutuma. Siku ile uliponiita nione ule ukijani, niliwaandikia wasimamizi nikawaomba ruhusa hiyo wakupe wewe. Wenzetu wawili ambao umewasaidia kuhama kutoka kwenye chombo kile wakakusemea vizuri kuliko nilivyokusemea mimi baba yako. Nilikuwa nasubiri jibu. Limekuja leo mchana, liko kwenye barua pepe yako, na kwa jinsi ulivyokuwa unatafuta zile rasta, najua hujaifungua.

Kwa hiyo kifurushi cha zamu ni chako. Si kwa kusaidiana na mimi. Nimeliondoa jina langu kwenye nafasi ya mtunzaji, nimeweka lako. Nilipobonyeza kitufe, sitakudanganya, nilihisi kama natoa kitanda chako nje. Nimeshampigia mjomba wako nimempa namba yako, nikamwambia programu ikigoma asinitafute mimi tena. Akacheka, akasema, "Shemeji, afadhali." Afadhali! Nitamkumbuka kwa neno hilo.

Kompyuta iko mezani, imewashwa, chaji imejaa, na kifurushi cha intaneti nimekuwekea. Mimi na mama yako jioni hii tunatoka kwenda kwa mchungaji wetu wa hapa, wewe unajua maombi ya mama yako yanavyochukua muda. Nimepanga hivyo kusudi. Nikiwepo nitasimama nyuma yako nitakohoa, nawe utageuka kuniangalia kabla ya kubonyeza, na sitaki ugeuke.

Kaa chini. Soma kazi yako mara ya mwisho. Weka sahihi yako, utume. Ikikataa, tafuta sababu, una usiku mzima kabla ya basi, na hiyo sababu utaipata kwa sababu huwa unaipata. Sisi tukirudi usiniambie kama imekwenda au haijakwenda. Nakupenda mno, mwanangu, na nitaumia kesho basi likitoka, lakini jambo hili usiniambie. Kila kifurushi kinachopokelewa kinatangazwa kwenye orodha, na jina la aliyekituma linakaa pembeni yake. Nitaifungua simu yangu pale kwa mchungaji, katikati ya maombi, mama yako anifinye akitaka, na nitalitafuta jina lako pale mahali wanapolitafuta watu wengine wote.

Ni mimi,
Baba yako